Neno Ambalo Bibi Hakujua Kulirudisha

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi dukani, niliamini kwamba kila neno baya lina namna yake ya kurudishwa. Sikufundishwa jambo hilo na mtu. Nililiona kwa macho yangu hapo kwetu Pito, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, kwa sababu niliishi na Bibi, mama yake baba, na Bibi alikuwa na ulimi mkali kuliko upepo wa Juni.

Alikuwa mwepesi wa hasira, lakini hakuipa nafasi ya kulala ndani ya nyumba yake. Siku moja baba alisahau kumfunga ndama, ndama akashinda kwenye maharage. Bibi akamwambia baba, kwa Kifipa, kwamba usingizi umkimbie kama ndama alivyoikimbia kamba. Kabla jua halijazama alimwita. Alichota maji kwa kata, akatia unga kidogo wa ulezi, akasimama palepale aliposimama wakati wa hasira, akalitaja lile neno lake la usingizi na ndama, akajaza maji mdomoni na kuyapuliza chini. Baba yangu, mtu mzima mwenye ndevu, alisimama mbele yake ameinamisha kichwa.

"Haya, limerudi," Bibi alisema. "Nenda kale."

Masharti yenyewe yalikuwa machache, wala hayakuwa na mjadala. Neno hurudishwa na mdomo uliolitoa. Hurudishwa mahali lilipotolewa. Na ni lazima litajwe, kwa sababu, kama Bibi alivyonieleza nilipomsumbua kwa maswali, huwezi kumrudisha mbuzi kwa kumwita kuku. Lisiporudishwa, litamfuata mhusika mpaka limpate. Hilo kila mtu kwetu alilijua.

Msije mkadhani Bibi alikuwa mtu wa kukwepa kanisa. Skolastika ndilo jina lake la ubatizo, rozari haikutoka shingoni, na Jumapili alifika kigangoni kabla ya mpiga kengele. Nilipomuuliza kama padri anajua habari za maji yake na unga wa ulezi, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto, na kweli lilikuwa la kitoto.

"Padri ana maji yake," alisema. "Nami nina yangu."

Sasa nije kwa baba mdogo. Fulgensi alikuwa kitindamimba wa Bibi, na ilikuwa miaka ile ya ruksa. Watu waliokuwa wamezoea kupanga foleni kwa kipande cha sabuni waliamka wakakuta sokoni kuna sabuni za kila harufu, redio kaseti zinapiga kelele juu ya meza, na mitumba imemwagwa chini watu wanachagua kwa kuinama. Baba mdogo alirudi kutoka mjini siku moja akiwa amevaa koti la mtumba lenye vifungo vya dhahabu bandia, na tangu siku ile hakushika tena jembe kwa moyo. Kulima ntumba, yale matuta ya Kifipa ya kufukia majani, kungoja mvua, kwake ilikuwa kazi ya watu waliokosa habari. Alitaka biashara.

Ndipo likaja lori la kununua vyuma chakavu. Lilizunguka mitaa yote ya pembezoni, na watu walitoa sufuria zilizotoboka, rimu za baiskeli, vipande vya mabati. Kwetu, nyuma ya mlango wa nyumba ya Bibi, lilikuwapo jembe la kale. Chuma chake hakikutoka dukani. Kilitoka kwenye malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambayo wazee wa Ufipa waliyeyushia mawe ya chuma, na ambayo magofu yake mtu bado anayakuta vilimani. Babu, ambaye sikumkuta, alilileta jembe hilo alipokuja kumwoa Bibi. Halikulimiwa. Kazi yake ilikuwa moja: mke mpya akiingia katika ukoo wetu, Bibi alimshikisha hilo kwanza kabla hajashika jembe lingine lolote. Mama yangu alilishika. Mimi nililiogopa kidogo na kulipenda, na Bibi asipokuwepo nililigusa ncha yake kwa kidole.

Baba mdogo alilipakia kwenye lori.

Bibi alirudi kutoka shamba na kuona ukuta mtupu nyuma ya mlango. Alitoka nje. Baba mdogo alikuwa uani na begi lake begani, tayari kwenda zake Kirando, kule ziwani, kununua dagaa.

"Mama, kilikuwa chuma tu kimeliwa na kutu," alisema.

"Hata mimi nimeliwa na kutu," Bibi akajibu. "Mbona hukunipakia?"

Mama yangu aliinamisha uso asicheke. Baba mdogo aliahidi kuleta majembe mapya ya dukani, mengi, yenye chapa. Nadhani ni hilo neno mengi lililomaliza kila kitu. Bibi alikuwa amesimama karibu na kinu, ameshika mchi. Akaunyoosha ule mchi kuelekea njiani, na kwa Kiswahili, lugha aliyoitumia sokoni na kanisani tu, akapaza sauti:

"Nenda jehanamu!"

Laana za Bibi tulizizoea, lakini zilikuwa za kwetu, za ndama na usingizi na jembe kuvunjika mpini. Hili lilikuwa neno la altareni. Baba mdogo alitabasamu, tabasamu likamkauka, akageuka akaenda.

Jioni ile Bibi alichota maji akatia unga. Alisimama penye kinu. Nilikaa kizingitini kumtazama, kwa maana sikupenda kulikosa tukio lolote la maji. Alifungua mdomo, akaufunga. Akafungua tena. Mwisho aliwamwagia kuku yale maji.

"Bibi, mbona hujapuliza?"

"Aliyetumwa hayupo."

Lakini sikuridhika, naye alijua sijaridhika, kwa kuwa baada ya kitambo aliongeza kwa sauti ya chini: "Na hili si la kwetu. Nikilitaja tena, nitajuaje kama ninamwita arudi au ninamsukuma mbele zaidi?"

Huo ndio mwanzo wa udadisi wangu. Nilikuwa nikijiandaa kwa komunyo ya kwanza, na mafundisho yetu yaliongozwa na katekista Anselmi, mzee mpole aliyevaa sweta lilelile kiangazi na masika. Nilinyoosha mkono.

"Mwalimu, jehanamu ni nini?"

"Ni moto wa milele. Ni kutengwa na Mungu milele."

"Milele ni mpaka lini?"

Wenzangu waliangua kicheko. Katekista hakucheka. Alisema milele haina mpaka. Nikamuuliza kama mtu aliyetumwa huko na mtu mwingine anaweza kurudi. Aliniangalia kwa makini, kisha akasema kwamba anayekwenda huko harudi, ila hakuna binadamu mwenye uwezo wa kumtuma mwenziwe huko, hata angekuwa mfalme.

Nilimpelekea Bibi majibu yote mawili kama nilivyoyapokea. Alisikia moja tu.

"Amesema harudi?"

"Amesema pia hakuna anayeweza kumtuma mtu, Bibi."

"Harudi," Bibi akasema, akaendelea kupepeta.

Tangu hapo masikio yangu yalifunguka, nikaanza kulisikia neno hilo kila mahali. Fundi wa magari pale stendi aliiambia gia ya lori kwamba ni ya jehanamu. Mwanamke wa sokoni alisifu pilipili zake kwa jina hilo. Kando ya mitumba, mhubiri wa moja ya yale makanisa mapya alisimama na kipaza sauti kilichokoroma, akatuonya juu ya jehanamu, na watu waliendelea kupima suruali viunoni mwao huku wakimsikiliza. Nilishangaa. Kwa katekista neno hili lilikuwa zito lisilobebeka, na hapa watu walilirusha huku na huku kama ganda la muwa. Nani basi alikuwa akilitumia sawasawa? Nilitamani kujua, maana kama fundi wa magari ndiye aliyelielewa, basi baba mdogo yuko salama.

Habari zililetwa na mwanamke mmoja wa Kirando aitwaye Bi Zainabu, mfanyabiashara wa dagaa ambaye alikuja Sumbawanga mara kwa mara. Aliingia uani kwetu asubuhi, nguo zimejaa vumbi la safari, akamwamkia Bibi shikamoo kwa kupiga goti. Bibi hakumjua, lakini alipomwona anakataa kiti alijua amekuja na nini.

"Mama, ni Fulgensi. Yu hai," alianza kwa hilo, Mungu ambariki. "Alikuwa akijaza mafuta kwenye karabai, zile taa za wavuvi. Ikalipuka. Ameungua mikono na kifua. Nimepanda naye lori, tumemfikisha hospitali hapa mjini."

Bibi hakulia. Aliuliza neno moja.

"Moto?"

"Moto, mama."

Sisi wote tulimwangalia Bibi, kisha tukaacha kumwangalia.

Vidonda, nesi alitueleza, vilikuwa vibaya lakini vya kupona. Tatizo lilikuwa mgonjwa mwenyewe. Alilala ameelekea ukutani na hakutaka kula. Baba alimbembeleza kwa uji, kwa ndizi, kwa soda, kwa maneno. Baba mdogo akamjibu, bila kugeuka: "Mama alishanionyesha njia. Msinisumbue." Nesi alimvuta baba kando na kumwambia kwamba mtu aliyeungua vile asipokula, dawa peke yake haitamvusha.

Kwa hiyo suala halikuwa tena la dini wala la mila. Baba mdogo wangu, aliyenibeba mabegani kwenda kuona gwaride, alikuwa anakufa kwa neno, na aliyelitoa neno alikuwa hajui kulirudisha. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na bado, nikiri hali yangu ilivyokuwa, nilikuwa nikijiuliza: neno linaingiaje mwilini likakaa?

Nyumbani kulikuwa na vikao. Shangazi, dada yake baba, alimwambia Bibi kwamba mtoto akikunyea kiganjani hukikati kiganja.

"Nani amekataa?" Bibi alifoka. "Nimesema nimekataa? Nimesema sijui!"

Katekista Anselmi naye alikuja. Alikaa na Bibi muda mrefu, akamweleza taratibu kwamba Mungu peke yake ndiye mwenye hukumu, kwamba neno lake lilikuwa hasira tu, basi akaungame hiyo hasira. Bibi alikwenda. Aliungama, akasali sala zote alizopewa kama malipizi, akarudi akavua kitambaa cha kichwa na kuketi.

"Nimesamehewa mimi," alisema. "Yeye bado ameelekea ukutani."

Kesho yake nilitumwa kwa Bi Zainabu, alikofikia kwa jamaa zake karibu na soko, nikalichukue begi la baba mdogo. Nilimkuta akitandaza dagaa wake kwenye jamvi, akiokota mawe madogo. Nilimwamkia, nikalipokea begi, sikuondoka.

"Unataka nini tena, mwanangu?"

"Bi Zainabu, na ninyi kwenu mna jehanamu?"

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akaona sicheki, akaacha.

"Tunayo. Ni ileile. Tena ina milango saba, ndivyo tulivyofundishwa chuoni, kwenye Kurani."

"Milango?"

"Saba."

Nilikimbia njia nzima na begi likinipiga magotini. Bibi alikuwa akichambua maharage, mikono inafanya kazi na macho yako kwingine.

"Bibi, ina milango!"

"Nini?"

"Jehanamu. Bi Zainabu amesema. Ni saba. Wamefundishwa hivyo katika dini yao."

Mikono ya Bibi ilitulia ndani ya ungo. Mimi, mwanafunzi wa mafundisho, nilitaka kumkumbusha kwamba hayo ni ya Waislamu na sisi hatukuelezwa habari za milango. Sikuwahi kulimaliza hilo.

"Katika maisha yangu," alisema Bibi polepole, "sijaona mlango wa kuingilia tu."

Akasimama, maharage yakamwagika.

Baadaye nimeambiwa na watu waliosoma kwamba milango ile haikutajwa ili watu watokee. Sawa. Lakini Bibi hakuwa akitafuta elimu. Alikuwa akitafuta pa kushika, na mtu anayeteleza hachagui tawi.

Alikwenda penye kinu, akachota udongo wa mahali aliposimama siku ile, akaufunga kwenye pindo la kitenge. Kwa kuwa mgonjwa hawezi kuletwa mahali pa neno, mahali pa neno patapelekwa kwa mgonjwa. Akachukua kata na unga wa ulezi. Tukaenda hospitali saa ya kutazama wagonjwa, mimi nimebeba kibuyu cha maji, baba anatufuata nyuma bila kuuliza.

Nesi alipoona udongo unamwagwa sakafuni alikuja mbio.

"Mama, uchafu hauruhusiwi wodini!"

"Nitaufagia mwenyewe, mwanangu," Bibi akasema kwa upole ambao sikuuzoea. "Nipe muda kidogo tu."

Alivua ndala akasimama juu ya ule udongo. Miguu yake ilikuwa imepasuka kwa baridi. Akamwita mwanawe jina lake. Baba mdogo hakugeuka. Akaita tena, na sasa hakuita kwa Kifipa. Neno lilikuwa limetoka kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili litarudi, hata kama Kiswahili chake kilichechemea.

"Fulgensi. Nilikwambia nenda jehanamu."

Mzee wa kitanda cha pili aliacha kutafuna.

"Mimi huko sikujui. Sijafika. Mama yangu hakufika, hakunisimulia. Nimekutuma mahali nisipopajua, na mzazi hamtumi mtoto mahali asipopajua. Hilo ndilo kosa langu." "Sasa ninakuita. Wanasema iko milango. Toka kwa huo ulio karibu nawe. Ukikuta umefungwa, gonga. Mimi niko hapa nje. Nimekaa. Siondoki."

Akajaza maji mdomoni akapuliza. Yalilowesha udongo, yalilowesha viatu vya nesi, na mengine yalimrukia baba mdogo mgongoni, naye akashtuka kwa baridi. Akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza niuone uso wake tangu aende ziwani. Alikuwa analia kama mtoto, bila kujificha.

"Mama," alisema. "Na lile jembe?"

"Jembe limekwenda," Bibi akajibu. "Wewe rudi."

Unga uliobaki ulipikwa uji kwenye jiko la nje ya wodi, ambako ndugu wa wagonjwa hupikia. Bibi alimnywesha mwenyewe, kijiko kwa kijiko, akimkaripia apulize kwanza. Alipomaliza aliomba ufagio, akafagia udongo wake wote, kisha, kwa sababu hakuweza kuona sakafu nusu safi, akafagia wodi yote.

Baba mdogo alipona. Vidole viwili vya mkono wa kushoto viliungana na havikuachana tena. Hakurudi kwenye dagaa. Alifungua duka dogo sokoni Sumbawanga, na mjue dunia ina utani wake, anauza majembe. La kwanza kabisa alimletea Bibi. Bibi aliligonga kwa ukucha, akasikiliza mlio wake, akasema ni jepesi, kisha akaliweka nyuma ya mlango. Mke wa kaka yangu alipoingia katika ukoo, alilishika hilo.

Bibi ameshakufa, na mimi sijaacha kuuliza. Niliuliza mapadri, niliwahi kumuuliza shehe mmoja tuliyepanda naye gari, nimesoma kidogo. Niliambiwa kwamba zamani sana neno hilo lilikuwa jina la bonde fulani nje ya mji wa Yerusalemu. Nilipenda kulisikia hilo. Bonde! Basi kulikuwa na watu walioamka asubuhi wakapita huko kwa shughuli zao na kurudi nyumbani mchana. Lakini sijidanganyi. Neno limesafiri mbali na bonde lake, na wanaolitumia leo wanamaanisha mahali ambapo hakuna wa kukufuata. Kamusi husema adhabu, husema moto, husema milele. Mimi sina elimu ya kubishana na kamusi wala na katekista. Ninachojua ni kwamba nililisikia likisemwa na mtu aliyeligharimia, na tangu hapo siwezi kulisikia bila kumwona mwanamke mzee amesimama pekupeku juu ya udongo aliotoka nao kwake, akingoja nje.

Mwaka jana nilipita dukani kwa baba mdogo. Kijana mmoja alikuwa ameng'ang'ania apunguziwe bei ya jembe, amekosa, amekasirika. Akalitupa kwenye kaunta.

"Nenda jehanamu na majembe yako!"

Baba mdogo aliliokota kwa ule mkono wa vidole vilivyoungana, akalifuta vumbi.

"Nilishatoka huko, mdogo wangu," alisema. "Mama alikuja kunichukua."